Redio ya Tokyo, Masafa ya Dar

Gari lililotumika Japani likishuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, karibu kila kilichomo kinaendelea na kazi bila kujali bahari kiliyoivuka. Usukani uko kulia, upande tunaoutaka. Kiyoyozi kinapoza, vioo vinapanda na kushuka, taa zinawaka. Redio ndiyo inayogoma. Ukiitafutia vituo inapanda hadi 90, inarudi 76, inapanda tena. Mkazi wa Dar atapata Clouds kwenye 88.5 na Wasafi kwenye 88.9, ila EFM ya 93.7 ataisikia kwa jirani. Nairobi ni pabaya zaidi. Ghetto Radio iko 89.5, imeponea ndani ya mpaka kwa nusu megahezi. Radio Jambo ya 97.5, Capital ya 98.4, Classic ya 105.2 na Radio Citizen ya 106.7 zote zimebaki nje.

Hapo ndipo mwenye gari anapoambiwa redio ni mbovu na skrini mpya ndiyo dawa. Redio si mbovu. Inafanya kwa uaminifu kazi iliyoundiwa, isipokuwa nchi siyo. Na dawa yenyewe, ikinunuliwa kwa pupa, huleta maradhi ambayo gari halikuwa nayo: betri inayokufa usiku, spika zinazokoroma, kiyoyozi ambacho hujui kiko nyuzi ngapi. Kubadili redio ya gari ni uamuzi wa busara kwa wengi wetu. Kinachoniudhi ni jinsi pesa inavyogawanywa: karibu yote inakwenda kwenye skrini, na fundi anayekata nyaya za gari la mamilioni anaambulia hela ya soda.

Tuanze na masafa. Sehemu kubwa ya dunia hutangaza FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani ilijipangia 76 hadi 90, kwa sababu nafasi ya 90 hadi 108 ilikaliwa na televisheni: chaneli ya 1, ya 2 na ya 3 za mfumo wa analojia. Televisheni hiyo ilizimwa Julai 24, 2011, isipokuwa katika mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko na tsunami ya mwaka huo, ambayo ilisubiri hadi Machi 2012. Kisha Wajapani wakafungua 90 hadi 95 ili vituo vyao vya AM virudie matangazo kwenye FM, kuanzia mwishoni mwa 2014. Ndiyo maana gari la miaka ya karibuni linaweza kufika 95, na mwenyewe akajiona ana bahati. Wa Dar amepata EFM. Wa Nairobi bado anaitafuta Citizen.

Kwenye AM hakuna ugomvi wowote: Japani na sisi sote tunapanga vituo kwa hatua za kilohezi 9. Kwa maneno mengine, redio ya Kijapani inaelewana nasi vizuri kabisa kwenye bendi ambayo watu wengi mjini hawaigusi.

Tiba ya kwanza ya masafa ni ya bei ndogo na ni ya zamani: ekspanda, ambayo wengine huiita konveta. Ni kiboksi kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Ndani yake kuna kristali inayotetema kwa kiwango maalumu, tuseme megahezi 15 au 20, na kazi yake ni kutoa. Kituo cha 106.7 kikipita kwenye ekspanda ya 20 kinaingia redioni kama 86.7, na redio, isiyojua kitu, inakipokea. Hesabu ni nyepesi lakini ina ukuta wake. Bendi yetu ina upana wa megahezi 20.5 na dirisha la Mjapani lina 14 tu. Hakuna ekspanda moja itakayoingiza yote. Ukichukua ya 20, kila kilicho chini ya 96 kinatumbukia chini ya 76 na kupotea. Ukichukua ya 15, unapata kuanzia 91 hadi 105 na Citizen inabaki nje tena kwa tofauti ya megahezi moja na kitu. Zaidi ya hapo, kituo chenye nguvu kilicho karibu huweza kupenya kiboksi bila kupunguzwa na kwenda kukaa juu ya kingine: 88.5 ikipenya inakutana na 103.5 iliyopunguzwa 15, na wasikilizaji wa vituo vyote viwili wanapata mkutano ambao hawakuuitisha.

Kwa gari la mjini, lenye dereva mwenye vituo vitatu anavyovipenda, ekspanda yenye namba sahihi inatosha na hakuna aibu ndani yake. Tatizo ni safari ndefu. Kituo kimoja kina masafa tofauti kila mkoa, na skrini inaonyesha namba ya uongo. Kutoa 15 kichwani huku unalipita lori kwenye mlima wa Kitonga ni hesabu ambayo mwalimu wako hakuikusudia.

Sababu ya pili ya kubadili ni lugha na ramani. Redio nyingi za Kijapani zenye skrini ni mashine za ramani kwanza, redio baadaye. Ramani ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na kwenye nyingi za Toyota ramani imekaa kwenye kadi ndogo ya SD ambayo ndiyo roho ya mashine nzima. Mtu akiichomoa akidhani ni memori ya kuwekea nyimbo, au ikichomolewa na mjanja mmoja kati ya mnada na bandari, skrini inabaki na sentensi moja ya kuomba kadi. Redio haiongei tena, wala Bluetooth. Nyingine hujifunga betri ikibadilishwa na kudai namba ya siri, na kuna watu wanaoishi kwa kuuza namba hizo. Televisheni iliyomo nayo ni ya mfumo wa Kijapani, wakati sisi tulichagua mfumo wa Ulaya, kwa hiyo kile kitufe chenye maandishi TV ni pambo.

Kuna jambo moja ambalo redio mpya haitalimaliza, na wanunuzi hulalamika wakidhani wameibiwa. Ile sauti ya mwanamke inayosema Kijapani kila ukiwasha gari haitoki kwenye redio. Ni kifaa cha ETC, mfumo wa kulipia barabara kuu ulioanza kutumika Japani mwaka 2001, na kwa kawaida kimefichwa chini ya dashibodi au ndani ya droo ya abiria. Anakukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya malipo. Wapo wanaoamini anawatakia safari njema, na sioni sababu ya kuwasumbua. Asiyemtaka amwombe fundi achomoe soketi yake.

Tukija sokoni, Kariakoo au Kirinyaga Road, mazungumzo yote ni ya skrini ya Android: inchi 9, inchi 10, GB ngapi za RAM, Android ya ngapi. Hapa msomaji avae miwani. Ni desturi ya muda mrefu ya watengenezaji wasio na haya kubadilisha maandishi ya ukurasa wa mipangilio, hivyo mashine ya GB 1 ikajitambulisha kuwa ya GB 4 na Android ya zamani ikavaa namba ya mwaka huu. Kuiuliza mashine yenyewe ina RAM kiasi gani ni kumwuliza mwuza maziwa kama ametia maji. Dalili za kweli ziko kwenye mwendo: fungua ramani, cheza wimbo kwa Bluetooth, kisha tia gia ya nyuma. Kamera ikitokea mara moja na wimbo usikatike, mashine ina nguvu ya kutosha. Ikiganda dukani, kwenye kivuli na feni, itaganda zaidi Ubungo saa nane mchana.

Na itazame kama ina kitufe cha kuzungusha sauti. Skrini tupu inapendeza kwenye picha ya tangazo; ndani ya gari, barabara ya vumbi, jua likipiga kioo cha mbele, kidole kinatafuta mstari wa sauti usioonekana na macho yanaacha barabara. Kitufe cha duara hakihitaji macho. Kwa maoni yangu redio ya kawaida isiyo na skrini, ya kampuni inayojulikana, yenye Bluetooth, USB na kitufe cha sauti, inawafaa madereva wengi kuliko kompyuta ya inchi 10 iliyoandikwa uongo. Simu iliyo mfukoni tayari ina ramani bora kuliko ya mashine hiyo. Wauzaji hawapendi kuisikia sentensi hii.

Namba nyingine ya kupuuza ni ile ya nguvu. Sanduku linaandika wati 60 mara 4. Gari likiunguruma, umeme wake ni volti 14 na kidogo. Redio inayotumia umeme huo moja kwa moja, bila amplifaya ya pembeni, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi, na hiyo ni kabla ya hasara za njiani. Zaidi ya hapo ni kelele iliyokatwa vichwa. Geuza redio utazame fyuzi yake: ikiwa ni ya ampea 10, mashine nzima haiwezi kula wati 150 bila kuikata, ilhali sanduku limeahidi 240. Fyuzi haina idara ya masoko.

Sasa nyaya, ambako ndiko kazi iliko.

Tazama inavyofanyika kando ya barabara. Fundi anafika na bisibisi bapa, koleo, solotepu nyeusi na taa ya kupimia. “Bosi, dakika ishirini tu.” Anaingiza bisibisi kwenye ukingo wa paneli na kuivuta. Vile vikucha vya plastiki vilivyokaa juani miaka kumi na tano hulia tak, kimoja au viwili, na wakati huohuo fundi huanza kuzungumzia mpira. Bolti nne, redio inatoka na mabati yake ya pembeni, na nyuma yake zinaonekana soketi mbili nyeupe za Toyota, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Hapo njia mbili zinaachana. Iko plagi ya kuunganishia, kipande kidogo cha bei ndogo kabisa, chenye upande mmoja unaoingia kwenye soketi hizo na upande wa pili nyaya za kuungia redio mpya. Ikitumika, hakuna waya wa gari unaokatwa. Na iko koleo. Fundi anaifahamu zaidi koleo.

Soketi zikishakatwa, mtu anabaki na shada la rangi mkononi, na rangi ndizo zinazoua redio. Redio za dukani karibu zote zimekubaliana: waya wa manjano ni wa betri, wa moja kwa moja, mwekundu ni wa swichi, unaopata umeme ukizungusha ufunguo, mweusi ni hasi, unaokwenda kwenye bodi, mweupe na wa kijivu ni spika za mbele, wa kijani na wa zambarau ni za nyuma. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zina mpangilio wao, ambao haukuwahi kuketi meza moja na huo. Kwao betri ni waya wa buluu wenye mstari wa manjano, swichi ni kijivu, hasi ni kahawia. Mweusi na wa manjano ni jozi ya spika ya nyuma kushoto. Mwekundu na mweupe ni jozi ya nyuma kulia. Soma tena taratibu. Mtu akiunga rangi kwa rangi, kwa imani njema kabisa, atakuwa ameomba umeme wa betri kutoka kwenye spika, na kuupeleka umeme wa swichi kwenye tundu la redio linalotakiwa kutoa muziki. Moshi ukitoka, mnunuzi anaambiwa amepewa redio feki. Pengine ni feki kweli, lakini safari hii haikuwa na hatia.

Kosa jingine ni la kurithi. Zamani redio ndogo za gari ziliruhusu waya hasi wa kila spika uende kwenye bodi, na mafundi wakongwe walifunga hivyo na muziki ukalia. Redio za leo zina nyaya mbili kwa kila spika na zote mbili zina umeme wa sauti. Hakuna hata mmoja ulio wa bodi. Ukiugusisha mmoja kwenye bodi, au ukaziunga hasi za spika mbili pamoja ili kuokoa waya, ile chipu ya amplifaya iliyomo ndani inajikata kwa usalama ikiwa ni nzuri, na inaungua ikiwa ni ya kawaida.

Halafu kuna maungio yenyewe. Kusokota nyaya na kuzungushia solotepu kunakubalika kwa muda wa kujaribu, siyo kwa miaka. Dashibodi la gari lililoegeshwa juani linapata joto, gundi inayeyuka, solotepu inateleza na kuacha shaba wazi karibu na shaba nyingine. Lehemu na ule mpira unaonywea ukipashwa moto vinamchukua fundi nusu saa zaidi. Hiyo nusu saa ndiyo ya kulipia. Mwenye gari anayepunguza bei ya kufunga baada ya kununua skrini ya bei mbaya anastahili kila solotepu atakayopewa.

Waya mwembamba wa buluu nao una kisa chake. Magari mengi ya Kijapani yana antena iliyochorwa kwenye kioo, na antena hiyo ni dhaifu mpaka isaidiwe na amplifaya ndogo iliyofichwa kwenye nguzo ya gari. Amplifaya hiyo hupata umeme wake kutoka redioni, kupitia waya wa kuwashia antena. Fundi akiuacha waya wa buluu wa redio mpya ukining'inia, redio inashika vituo viwili vya karibu na kukohoa kwenye vingine vyote. Mwenye gari aliyehama kutoka 76–90 kwenda 87.5–108 kwa gharama kubwa anajikuta anasikia vituo vichache kuliko mwanzo. Nimesikia ushauri wa kununua antena ya nje kwa tatizo hili, ukitolewa kwa sauti ya uhakika, na waya uko palepale.

Tuseme sasa redio inalia vizuri. Gari linaegeshwa Ijumaa, na Jumatatu haliwaki. Fundi aliona kazi nyingi kutafuta umeme wa swichi, akaziunga manjano na nyekundu pamoja kwenye waya wa betri. Redio inafanya kazi, ila sasa hailali kamwe. Hata ikizimwa skrini, ubongo wake uko macho. Hesabu yake ni hii. Betri ya NS60, inayotumika kwenye magari mengi haya, ina ampea-saa 45. Redio ikivuta nusu ampea usiku na mchana, betri mpya iliyojaa inaisha ndani ya saa 90, pungufu ya siku nne, na ya zamani haifiki hapo. Kiwango cha kawaida kwa gari zima lililolala ni miliampea 50 au chini, na kwa mvuto huo betri ileile ingehimili zaidi ya mwezi. Watu wamebadilisha betri mbili, wakabadilisha na alteneta, kabla ya mtu mmoja kutia mita.

Mawili ya hatari zaidi, kwa ufupi. Soketi na mikanda ya nyaya ya rangi ya manjano unayoikuta ndani ya dashibodi, hasa karibu na usukani, ni ya eabegi. Taa ya kupimia haigusi pale, kwa kuwa inaweza kulilipua begi mtu akiwa ameinamia. Na kamera ya nyuma iliyotoka kiwandani na Toyota, mara nyingi hutumia volti 6 hivi zinazotolewa na redio yake orijino. Ukiipa 12 moja kwa moja kutoka taa ya rivasi, itaonyesha picha mara ya mwisho.

Kuna waya mwingine unaokwenda kwenye breki ya mkono. Umewekwa ili video isionekane gari likiwa linatembea, na karibu kila fundi huuzima kwa kuupeleka kwenye bodi bila hata kuuliza. Madereva wa teksi mtandao wanaotazama tamthilia njia nzima wanaweza kuniita mzee wa kale. Waya ule haukuwekwa kwa ajili ya dereva peke yake.

Yapo magari ya kuacha yalivyo. Harrier ya 2003 na kuendelea yenye skrini ya kiwandani huonyesha kiyoyozi kwenye skrini hiyohiyo. Ukiing'oa bila kifaa mahususi cha kuchukua nafasi yake, unabaki unapapasa baridi. Crown za kizazi hicho nazo zina tabia hiyo. Kwa magari haya, kama redio ina Bluetooth au tundu la AUX, simu na kifurushi cha intaneti vinaleta kila kituo, kikiwemo cha mkoa ulikozaliwa, bila kugusa hata bolti. Hata kile kidude cha kurusha FM kinachochomekwa kwenye tundu la sigara kinaweza kusaidia, ingawa vingi huanzia 87.5, kwa hiyo kwenye redio ya Kijapani ya zamani vinabakiwa na kipande cha megahezi mbili na nusu, ambamo Clouds na Wasafi tayari wamejenga.

Kubadili redio kumewezekana miaka yote hii kwa sababu ya tundu. Redio ya gari ilianza kama kitu cha kuongezwa: mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago aliendesha gari lake lenye redio mpaka Atlantic City, akaliegesha nje ya mkutano wa watengenezaji wa redio kwa kuwa hakuwa na kibanda ndani, akawafungulia wapita njia sauti. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Motorola. Kwa miongo mingi kila gari lilikuwa na tundu la umbo lake, mpaka Wajerumani walipoweka kipimo cha DIN, milimita 180 kwa 50 hivi, ambacho mwaka 1984 kilikuwa kipimo cha kimataifa. Wajapani wakakirefusha kwenda juu kikawa 100, na Toyota wakatanua upana ukawa 200. Ndiyo maana redio ya kawaida ikiingizwa kwenye Toyota inaacha upenyo wa sentimita moja kila upande, na fundi mzuri anakuja na vipande vya plastiki vya kuuziba. Asiye mzuri anakuja na kadibodi iliyopakwa rangi nyeusi.

Tundu hilo linafungwa. Corolla iliyotoka Japani Septemba 2019 ilikuja na skrini ya kiwandani kwenye kila gari, imejengwa ndani ya dashibodi na kuunganishwa na mfumo wa mawasiliano wa gari zima. Hakuna DIN nyuma yake. Kenya inaruhusu magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo hayo ndiyo yanayoshuka Mombasa sasa, na Dar yanafuata kwa bei yake. Skrini hizo zinaipokea simu na ramani zake, jambo jema, lakini redio yake bado ni ya Tokyo. Mafundi wa koleo hawatakuwa na la kufanya humo, na wale watakaojifunza kompyuta za magari watapanga bei wanayoitaka.

Kwa walio wengi bado wenye IST, Probox, Premio na Noah za tundu la zamani, ushauri wangu ni wa pesa. Nunua plagi ya kuunganishia ya gari lako kabla ya kununua redio, uende nayo mkononi ili koleo isipate kazi. Ongeza malipo ya fundi na umwambie ni kwa ajili ya lehemu. Akimaliza, usilipe bado: zungusha vituo hadi 108, tia gia ya nyuma, kisha zima gari, toa ufunguo, funga milango, na mwombe aunganishe mita kwenye betri mkinywa hiyo soda. Baada ya robo saa ikisoma zaidi ya miliampea 50, kazi haijaisha. Na redio orijino, pamoja na mabati yake na kadi yake ya SD, uondoke nayo. Ni mali yako, na kuna mtu nyuma ya duka hilo ameshapanga kuiuza kesho.